Usigawanye namba kubwa kibubusa, chuja kwanza

Jamani kama unataka kujua 2147483647 ni namba tasa au la, usianze na 3, 7, 11, 13 mpaka ukeshe. Hiyo ni 2 kipeo 31 toa 1, na namba za hivi ambazo kipeo chenyewe ni tasa (isipokuwa 2) zina kitu kitamu sana, kigawanyo chake chochote kilicho tasa ukikigawa kwa mara mbili ya kipeo lazima kibaki 1, halafu ukikigawa kwa 8 kibaki 1 au 7, zingine zote unaruka tu.

Jaribu na 8191, yaani 2 kipeo 13 toa 1. Kipeo mara mbili ni 26, kipeuo cha pili cha 8191 ni 90 na kitu so huna haja ya kuvuka hapo, zinazobaki 1 ukizigawa kwa 26 unapata 27, 53 na 79. 27 sio tasa, 53 kwa 8 inabaki 5, tupa, 79 inabaki 7, poa. Gawa sasa 8191 kwa 79, unapata 103 baki 54. Imegoma, basi ni tasa, na umegawanya mara moja tu!!

Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alithibitisha kuwa 2147483647 ni tasa mwaka 1772 kwa mchujo huu huu, bila kompyuta na macho yake yakiwa karibu yamekufa kabisa. Chini ya kipeuo cha pili cha namba hiyo kuna namba tasa zaidi ya elfu nne, zinazopita mchujo hazifiki hata mia. Mi kila nikiifikiria hii nasisimka kweli.