Toyota Premio na Allion: soma injini kabla ya kuangalia rangi

Ukiambiwa "hii ni Premio", injini bado hujaijua. Fungua boneti, soma kibati cha chasisi kilichoko ukutani nyuma ya injini, kisha linganisha namba ya injini na iliyo kwenye kadi ya gari. Chasisi ya NZT240 au NZT260 ni cc 1,500, injini ya 1NZ-FE. ZZT240 ni 1ZZ-FE ya cc 1,800, na AZT240 ni 1AZ-FSE ya cc 2,000, ile ya D-4 (nitaieleza chini). Kwenye umbo lililoanza 2007, ZRT260 ni 2ZR ya cc 1,800.

Kama utaiendesha Mwanza, jua kwamba mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. 1NZ inatosha kwa mitaa ya Kirumba, Igoma na Nyegezi, lakini ukipanda mlima wa Bugando na watu watano, AC ikiwaka, itahema. Familia inayosafiri Musoma au Bukoba ichukue 2ZR.

1ZZ ichunguze sana. Matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni ni madogo. Yakiziba, ringi huganda na injini hula oili. Iwashe ikiwa ya baridi, iache ingurume dakika tano, kisha kanyaga mafuta ghafla huku mwenzako akitazama ekzosti. Moshi wa bluu ni oili. Mweupe wa asubuhi, ukiisha upesi, ni mvuke tu. Ukishainunua, pima oili kwa dipstiki (kijiti cha kupimia) kila kilomita 1,000, maana kikaza cheni ya taimingi hutegemea presha ya oili hiyohiyo.

D-4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi: masizi hujaa, gari hutetemeka likiwa limesimama. Petroli ya chupa za barabarani, yenye maji na uchafu, huua pampu yake ya presha. Mulika tochi nyuma ya injini, chini ya silinda hedi. Ukiona ukoko wa kulanti (maji ya kupoza injini), huenda nyuzi za bolti zimekwisha kwenye bloku. Achana na gari hilo.

Oili pamoja na filta: 1NZ lita 3.7, 2ZR lita 4.2. Dumu la lita nne huizidi ya kwanza na kuipungukia ya pili, basi simama hapo fundi anapomimina.