Kugawana avenyu ya mita 7

Avenyu yetu hapa Birere, mtaa wa Goma huku Kongo, ina upana wa mita 7, ukuta kwa ukuta. Nilisukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, miaka 9 kabla majirani hawajaniweka chefu wa avenyu, yaani kiongozi wake, kwa hiyo magomvi yake nayajua kwa miguu.

Usianze na chokaa. Mimi nilianza nayo. Siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, tulichora mistari mizuri saa nne asubuhi, wauzaji wakiwa wachache. Jioni mama wanaouza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, walikuwa wameikalia na motari, yaani waendesha pikipiki, wanapita katikati ya mabeseni. Anza kwa kukaa uangalie: alfajiri, mchana, jioni. Kwetu alfajiri ni ya chukudu za viazi na makaa zinazoteremka kutoka Kibumba. Mchana ni ya motari. Jioni ni ya wauzaji na wanaorudi nyumbani kwa miguu. Gawa saa kwanza, mita baadaye.

Mita zenyewe pima kwa kamba yenye mafundo, mbele ya wote. Nusu mita ni mfereji, haukaliwi. Meza ni mita 1, mguu wake wa mbele usivuke fundo. Mama wawili wenye mabeseni kichwani wapishane bila kugusana: mita 1 na nusu. Mita 4 zinazobaki ni za magurudumu.

Chukudu ichunge peke yake. Breki yake ni kipande cha tairi unachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Ukiwa na magunia kwenye mteremko, ukikanyaga leo itasimama kesho. Basi kwenye kona ya chini usiruhusu meza yoyote, hata ya shangazi yako. Wangu alininunia mwezi mzima.

Atakuja pia mwenye gari la jipu anayetaka kuegesha mbele ya duka kutwa nzima. Usibishane naye. Zungusha kamba kwenye jipu, mita 5 kwa 2, kisha mwombe alisogeze. Ita mama 10 wasimame ndani ya kamba na mabeseni yao. Wanaenea. Mwache ahesabu mwenyewe. Kupakua mzigo aruhusiwe, robo saa.

Kitu kimoja sikijadili: meza haipigiliwi misumari ardhini. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na mbingu ikawa nyekundu, wengine walishika barabara ya Sake, wengine walikimbilia mpakani kuelekea Gisenyi, Rwanda. Sisi tulikwama kwenye mdomo wa avenyu, kibanda cha mbao kimeziba nusu ya njia na watu wanasukumana na magodoro. Tulikibomoa kwa mikono, gizani, mama yangu mzazi akiwa mgongoni kwangu.

Sasa saa mbili usiku kila meza inakunjwa na kuegemezwa ukutani. Anayepita na tochi kukagua ni mwenye kile kibanda, na ni mkali kunishinda.