Kabla vibarua hawajashuka bandarini: malaria isirudi Zanzibar

Kwa miaka mingi sasa kiwango cha malaria Zanzibar kimekuwa chini ya asilimia 1, na wengi wanaobainika nayo wametoka safari ya Bara. Tusijidanganye kuwa imekwisha. Kampeni ya zamani iliipunguza sana, ikasimamishwa mwaka 1968, na ugonjwa ukarudi. Mbu wa kuusambaza bado wapo.

Kwa hiyo kama una ujenzi Paje au wachuma karafuu wanakuja Pemba, jiandae kabla watu hawajapanda boti. Zungumza na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, na kituo cha afya: wanakuja wangapi, wanatoka wapi, watalala wapi, simu zao ni zipi. Mgonjwa akibainika, kituo hutuma taarifa kwa simu, kisha ofisa wa afya humfuata anakoishi awapime na wenzake. Kazi hiyo hukwama pale ambapo hakuna anayejua kambi iko wapi.

Omba wapimwe wanapofika, hata asiyeumwa. Mtu mzima aliyekulia penye malaria nyingi anaweza kuwa na vimelea bila hata kichwa kumuuma. Kipimo cha haraka nacho hukosa vimelea vikiwa vichache, hivyo aliyeambiwa hana, akipata homa wiki mbili baadaye, apimwe tena.

Malazi ndiyo husahaulika zaidi. Chandarua unakikuta bado kimo mfukoni mwake kwa sababu jengo halina dari wala pa kukifunga. Nunua misumari na kamba, vifungwe kabla ya usiku wa kwanza. Wavuvi wa dago, yaani wanaopiga kambi ya muda na kulala ufukweni, watafutiwe fito za kufungia vyandarua. Mashimo yaliyotuama maji yafukiwe.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni malipo. Kibarua anayekatwa siku aliyokwenda hospitali atameza vidonge vya maumivu aendelee kubeba zege, na usiku mbu wamuume yeye kisha jirani yake. Mwambieni mapema, tena mbele ya msimamizi wake, kwamba siku ya kupimwa inalipwa na dozi lazima aimalize.

Wala wageni wasinyooshewe kidole. Mwenyeji anayerudi kutoka harusini Tanga anaweza kuja na vimelea vilevile, na yeye hakuna anayemuuliza alikotoka. Akihisi homa, jambo la kwanza amwambie mhudumu kuwa alisafiri.