Kuandaa kinanda cha mabomba na kariloni ya kanisa la shule kabla ya ibada

Washa feni ya kinanda mapema, kisha usubiri mivukuto ijae upepo kabla ya kugusa kibao chochote cha kupigia. Joto la kanisa liwe lile lile la wakati wa ibada, kwa sababu sauti ya mabomba ya kawaida hupanda hewa inapopata joto, ilhali ile ya mabomba yenye ulimi wa shaba haibadiliki sana, na hapo ndipo makundi hayo mawili huanza kugombana masikioni. Usilishike bomba kwa mkono mtupu unaporekebisha sauti yake. Joto la kiganja pekee hutosha kukupotosha. Bomba likilia lenyewe, gonga kibao chake haraka mara kadhaa, maana mara nyingi ni chembe ya vumbi tu iliyozuia vali kufunga.

Kariloni, yaani ala ya muziki yenye kengele zisizopungua 23, huchezwa kwa ngumi iliyolegea juu ya vishikio vya mbao, na kwa miguu. Kagua nyaya zake zinazounganisha vishikio na ndimi za kengele, ambazo hurefuka na kufupika kwa joto na baridi, hadi kila ulimi wa kengele ukae karibu na ukingo bila kuugusa. Kazi hii, kwa maoni yangu, isiachwe hata siku moja.