Namna ya kulisema "chawa" kwa Kichina bila kuharibu kikao

Mdogo wangu unayeanza ukalimani Kariakoo, neno hili litakukuta mapema. Kuna kijana kila akifungua mdomo anamsifia meneja Mchina. Tajiri wako amevumilia, sasa amechoka. Anakugeukia: "Mwambie huyu ni chawa tu."

Nahau yake ipo: liū xū pāi mǎ, kulainisha ndevu na kupigapiga farasi. Silabi tatu za mwanzo zishike juu, sauti isiyumbe. Ya mwisho, mǎ, ishushe chini.

Lakini usiitumie kabla hujajua kisa cha hizo ndevu. Enzi ya nasaba ya Song huko Uchina, mwaka 1019, Kou Zhun alirudishwa kuwa waziri mkuu, na Ding Wei akawa chini yake. Siku moja wakiwa mezani, supu ikamchafua Kou Zhun ndevu. Ding Wei akainuka, akampangusa taratibu. Kou akacheka: kiongozi wa serikali unampangusia mkubwa wako ndevu? Ding akaona haya, na haya ikageuka kinyongo. Mwaka uliofuata Kou aliondolewa madarakani, Ding akiwa miongoni mwa waliomchimba. Kou alifia uhamishoni Leizhou, kusini kabisa, mwaka 1023. Ding mwenyewe alikuwa ameshafukuziwa Hainan.

Kwa hiyo nahau hii usiitamke mbele ya anayesemwa, hata kwa utani. Pale mezani unawaaibisha wawili: kijana, na meneja aliyekuwa akizipokea zile sifa. Meneja atatabasamu, atakumiminia chai, na bei haitashuka tena. Nimeona.

Fanya hivi. Inama kwa tajiri, sema polepole: "Bosi, hili tukilisema hapa tutamuudhi mwenye mzigo. Niruhusu niulize sampuli?" Usibadilishe maneno yake kimyakimya; huo ni wizi. Mwache aamue mwenyewe kisha ufasiri alichoamua. Wengi hukubali, kwa sababu walichokuwa wanataka ni sampuli, siyo ugomvi.

Na marika wako wa Kichina, mkiwa mnakula, ipo nyepesi: bié pāi mǎpì le, "acha kujikomba". Watacheka. Kwa mkubwa usithubutu.

Na wewe ukimsifu meneja akajibu nǐ guòjiǎng le, amekwambia kwa adabu kwamba umezidisha. Sifa ziishie hapo, uliza kontena linaingia bandarini lini.