Giaboksi ya pikapu ya zamani: pima kabla hujalipa

Ukitafuta giaboksi ya Hilux kuukuu kwa wauza spea wa Mombasa, na ya sasa ni ya gia nne, usivutwe na gia tano pekee. Nenda na sahani ya klachi yako mkononi, uichomeke kwenye shafti ya giaboksi hiyo. Ikigoma kuingia au ikilegea, meno hayalingani, wachana nayo. Kisha pima urefu. Ya gia tano mara nyingi ni ndefu kuliko ya gia nne, na hapo propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, itabidi ikatwe na isawazishwe upya, gharama ambayo wengi huisahau. Waya wa spidomita nao uwe na pa kuingia.

Mwisho, mwambie muuzaji afungue nati ya oili. Vumbi kidogo la rangi ya shaba kwenye oili si neno. Ukishika vipande vya chuma vinavyokwaruza vidole, hata akupunguzie bei vipi, usichukue.