Kukagua meli kongwe ya ziwani kabla ya kuamua kuitengeneza au kuikata iwe chuma chakavu: mfano wa Liemba

Kabla ya kushika nyundo, andika historia ya meli. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha Kigoma kwa reli, na ikashushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka injini grisi nene. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la sasa. Miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikafungwa dizeli. Mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha Kagunga. Baadaye ikasimama Kigoma kungoja matengenezo makubwa. Historia hiyo ndiyo inayokuonyesha pa kupima: injini zikibadilishwa, kuna misingi mipya, matundu yaliyozibwa na uzito uliohama.

Maji baridi hula chuma polepole kuliko chumvi, ndiyo maana chombo cha umri huo bado kipo. Lakini usidanganyike na upande wa nje. Meli ya ziwani huoza kutoka ndani, kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya tumbo la meli, ambako maji, mafuta na matope hulala miaka chini ya injini. Ikiwa ngama imemwagiwa saruji, ivunje. Kutu hujificha chini yake.

Meli ikiwa chelezoni, yaani imetolewa majini kwa matengenezo, chora mistari ya kugawa kila bamba, halafu pima unene kwa kipimo cha mawimbi ya sauti: pembe nne na katikati. Kwanza sahihisha kipimo kwa kipande cha chuma chenye unene unaojulikana. Ondoa rangi hadi chuma king'ae, maana rangi nene huongeza milimita za uongo. Chuma cha zamani kina kasoro nyingine: kinaweza kuwa na matabaka ndani, sauti ikagota katikati na kurudi. Namba ikiwa karibu nusu ya jirani zake, toboa tundu dogo upime kwa mkono kabla ya kulilaani bamba. Pitia kwa makini zaidi mkanda wa usawa wa maji, sehemu za chini ya vyoo na jiko, na karibu na rafadha (panga inayosukuma meli). Bamba la milimita 10 lililobaki 7.5 limepoteza robo. Kanuni nyingi za ukaguzi hudai libadilishwe likipoteza kati ya asilimia 20 na 30, kutegemea lilipo.

Ribiti, pini za chuma zinazounganisha mabamba, hupimwa na watu wawili. Mmoja anaweka kidole upande mmoja wa kichwa cha ribiti, mwingine anagonga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Ribiti iliyolegea hutetemeka chini ya kidole na sauti yake ni butu. Michirizi ya kutu inayotoka kichwani pia ni ushahidi.

Hapa ndipo meli nyingi kongwe huharibiwa na mafundi wenye nia njema. Bamba lililovuja hufunikwa kwa kiraka cha kuchomelea; joto hutanua chuma, kikipoa hujikunja, na ribiti za jirani zinalegea. Kesho yake uvujaji umehamia nusu mita pembeni. Tena chuma cha mwanzoni mwa karne ya 20 kinaweza kuwa na salfa au fosforasi nyingi, na mshono ukapasuka. Peleka kipande maabara kwanza. Ukilazimika kuchomelea, toa bamba zima, usibandike juu.

Vipande vya kuzuia kutu, vinavyofungwa nje ya meli ili viliwe badala ya mabamba, viwe vya magnesi. Vya zinki vinafaa baharini; ziwani havina nguvu ya kutosha.

Mwisho, meli ikirudi majini, pima uthabiti wake, yaani uwezo wa kurudi wima ikiinama, alfajiri kabla ya upepo, kamba zikiwa zimelegea, matangi yakiwa yamejaa kabisa au matupu. Hamisha uzito unaojulikana kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, usome pembe kwa timazi iliyotumbukizwa kwenye ndoo ya mafuta. Digrii 1 hadi 3 zinatosha. Katika hesabu tumia uzito wa maji wa tani 1.000 kwa kila mita ya ujazo, si 1.025 ya bahari. Kwa meli ya tani 1,500 kosa hilo ni karibu tani 37, na kiasi hicho kinaweza kugeuza jibu la iwapo chombo kipewe tena abiria au kibaki gatini.